Kugonga Kidogo Kwanza

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na tisa. Neno hilo si langu, ni la Sista Mkuu. Alilisema kwenye paredi ya mwisho, "mpiga kengele wetu anastaafu," wasichana wakacheka, nami nikaangalia viatu vyangu kama kawaida. Sasa mtihani wa kidato cha nne umekwisha na niko nyumbani Kibosho. Asubuhi nageuza kahawa kwenye chanja, mchana naandika. Prisca, aliyeshika nondo ya kengele baada yangu, aliniomba nimwachie maelezo ya kazi. Nilimwahidi nitamwandikia kwa sababu kusema kwa mdomo kunanishinda. Ukurasa mmoja ungetosha, lakini nikishika kalamu huwa sijui kunyamaza.

Kuhusu vyeo sitasema mengi. Nilianza mpiga kengele, nikamaliza mpiga kengele. Mshahara ulikuwa kikombe cha uji kabla ya wengine, ukiwa bado unachoma ulimi.

Nianze na vifaa. Kengele yetu si kengele. Ni kipande cha reli, kinanifika kiunoni, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mparachichi ulio kati ya jiko na ofisi. Kinapigwa kwa nondo fupi iliyozungushiwa mpira wa baiskeli pale pa kushikia, ili mkono usife ganzi. Saa ni ya mkononi, ya kiume, mali ya shule. Mkanda wake ulikatika kabla yangu, kwa hiyo inakaa mfukoni mwa sketi, na ukiinama kufagia bila kuikumbuka utaisikia ikianguka kwenye saruji. Iliwahi kuanguka. Haikusimama, ila tangu hapo inawahi kidogo, Prisca, uirudishe nyuma kila Jumapili.

Nilifika shule ile, huko Old Moshi, nikiwa na ugonjwa ambao sikujua kama ni ugonjwa. Likizo iliyotangulia nilikaa kwa shangazi Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga. Mbu wa kule hawana mchezo. Nililazwa, nikatundikiwa dripu ya kwinini, na kila aliyewahi kutundikiwa anajua masikio yanavyolia. Ya wengine hulia siku chache yakanyamaza. Yangu yaliponyamaza, vitu vingine vyote ndiyo vikaanza kupiga kelele. Sufuria ikiwekwa chini, nachomwa ndani ya sikio. Mtu akipiga makofi kanisani, nasikia maumivu mpaka kwenye taya. Mama alisema ni udhaifu wa homa, utapita. Haukupita. Nikapelekwa bweni.

Sijui kama mtu anaweza kutengeneza mahali pabaya kuliko bweni kwa masikio kama yangu. Sakafu ya saruji, ndoo za bati, masanduku ya bati, paa la bati, na wasichana wa fomu wani wanaoitana kutoka mwisho hadi mwisho kana kwamba kati yao kuna korongo. Nilitafuta pamba nikaziba masikio. Juu ya pamba nikajifunika khanga. Dorisi, aliyelala kitanda cha juu yangu na ambaye hajawahi kukosa la kusema, akanipa jina siku hiyo hiyo.

"Jamani, njooni muone mwali! Bado kufundwa tu."

"Mwache, huyo anajidai," akasema mwingine. "Watoto wa Kibosho ndivyo walivyo."

Ningejibu, lakini ningejibu nini? Kwamba mlango ukibamizwa naumia? Nani anaumizwa na mlango uliobamizwa upande wa pili wa chumba?

Kengele ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote, kwa sababu sikujua ingepigwa saa ngapi. Saa sikuwa nayo. Nilikaa darasani nikiisubiri, mabega yakiwa juu, na mwalimu akiuliza swali nilikuwa sijasikia neno. Masikio yangu yalikuwa nje, chini ya mparachichi. Ikipigwa, naruka. Mara nyingine machozi yalinitoka.

Mwalimu Lyimo, aliyekuwa wa zamu wiki hiyo, akaniona nimesimama paredi nimeziba masikio kwa viganja.

"Wewe njuka, mwanafunzi wa juzi. Kengele ya shule inakukera?"

Nikashusha viganja.

"Nakuuliza. Nyumbani kwenu mnaamshwa na kinanda?"

Wote wakacheka.

"Basi kuanzia kesho utaipiga wewe. Wiki nzima. Ukishaizoea, uje unisalimie."

Kwa hiyo wengine huingia kazini kwa kuomba, mimi niliingia kwa adhabu.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Dada Anande, kidato cha tatu, kutoka Masama, mrefu, na maneno yake kwa siku yangeweza kuandikwa kwenye kiganja. Alikuwa kiranja wa muda. Asubuhi ile ya kwanza alinikuta chini ya mparachichi nimefumba macho, nimeibana nondo kwa mikono miwili.

"Unaumwa?"

"Masikio, dada."

Aliniangalia kidogo. Hakuuliza yanaumaje. Hakucheka.

"Usiibane hivyo kama unaua nyoka. Legeza mkono. Usipige katikati, hapo ndipo inapopiga yowe. Piga chini, karibu na mwisho." Akanishika mkono. "Na usianze na pigo kubwa. Igonge kidogo kwanza. Sikio lako likishajua, ndipo upige."

Nikagonga kidogo. Sauti ndogo tu, kama kijiko kwenye kikombe. Kisha nikapiga.

Iliuma. Sitaandika uongo hapa. Lakini iliuma kama jambo unalolijua, kama kunywa dawa chungu uliyojimiminia mwenyewe. Sikuruka. Mabega hayakupanda. Nilijua inakuja kwa sababu mkono wangu ndio ulioileta, na nilijua itakoma lini. Nikapiga tena. Dada Anande akaitazama saa, akasema, "Umechelewa kidogo," akaondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa semina yangu yote ya kazi.

Wapishi ndio walioanza kusifu. Jiko liko jirani na mti, na kabla yangu pigo la ghafla lilikuwa likiwashtua mpaka wanajimwagia mboga miguuni. Sasa wakisikia ule mguso mdogo wanaweka sufuria chini. Wasichana waliokuwa wakipita karibu wakajua kusogea. Wiki ikaisha. Mwalimu Lyimo akasahau kunifutia adhabu, nami sikumkumbusha. Mpaka leo haijafutwa.

Hapa nataka Prisca aelewe vizuri, kwa sababu watu wote walielewa vibaya na kosa lilikuwa kunyamaza kwangu. Tangu nilipoanza kupiga kengele, darasani nikaanza kusikia walimu. Saa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua nina muda gani wa utulivu, nikautumia. Hesabu nilizokuwa nikipata sifuri zikaanza kueleweka. Lakini sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Shikamoo Sista, naomba niendelee na adhabu?

Likizo ya kwanza Mama alinikuta na pamba masikioni, akakasirika. Alikuwa amenipeleka kwenye maombi, akanisagia majani fulani, na bibi alikuwa ameninyima mbege akisema ndiyo inayopanda kichwani, ingawa sijawahi kuinywa zaidi ya kuonja. Mwishowe tulishuka mjini, hospitali, kwa daktari wa masikio. Alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Nilimpenda kwa sauti hiyo kabla hajanifanyia lolote.

Alinivalisha vipokea sauti, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Baadaye akapandisha mlio taratibu, akaniambia ninyooshe mkono utakapoanza kunikera. Niliunyoosha mapema. Akarudia. Nikaunyoosha pale pale.

"Anasikia vizuri kuliko mimi," akamwambia Mama.

"Sasa daktari, kama anasikia vizuri, anaumwa nini?"

"Anaumwa kusikia. Sikio lenyewe silioni na ubovu. Ni kama redio ambayo kitufe chake cha sauti kimekwama juu. Inaweza kuwa homa ile, inaweza kuwa dawa, siwezi kukuapia. Lakini hajifanyi."

Mama akageuka akaniangalia. Nadhani alikuwa akisubiri kuambiwa kwamba najifanya, ili aniadhibu tuende nyumbani. Akanishika goti.

Daktari akaniuliza hizo pamba nakaa nazo kwa muda gani. Nikasema siku nzima. Akatikisa kichwa.

"Kwenye mashine ya kusaga, ziba. Kwenye jambo lenye makelele ya kweli, ziba. Lakini mtu anayekula, mtu anayefagia, usizibe. Sikio ukilinyima sauti, linazidi kuzitafuta, na likizipata zinakuwa kubwa zaidi. Lizoeshe kidogo kidogo. Kwenu kuna maji yanayotiririka?"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Daktari, sisi ni watu wa mlimani. Mfongo unapita katikati ya kihamba chetu cha migomba."

"Basi ndiyo dawa yake. Akasomee kando ya huo mfereji kila siku. Sauti ndogo isiyokatika. Sikio litajifunza kwamba si kila sauti ni adui."

Aliutaja ugonjwa kwa jina refu la Kizungu. Njiani kurudi nilijaribu kulisema, Mama akasema niliache, tusije tukalizoea.

Shuleni nako mfongo ulikuwepo, nyuma ya migomba ya masista. Nikawa nasomea pale. Siku moja Dorisi akanifuata, nikadhani amekuja kunisumbua. Akakaa. Akatupa jani majini.

"Mwali, nikwambie kitu usicheke?"

"Sicheki."

"Mtu akinywa uji kwa kuvuta, fyuu, fyuu, natamani kummwagia. Siumii kama wewe. Nakasirika tu. Nakasirika mpaka natetemeka. Kwetu nilikuwa nakula nje peke yangu, baba akasema nina kiburi."

"Ndiyo maana huwa unakaa mwisho wa meza?"

"Ndiyo maana huwa napiga kelele. Nikiongea mimi, siwasikii wao."

Nilicheka, ingawa nilikuwa nimeahidi. Tangu siku hiyo hakuniita mwali mbele za watu, aliniita tukiwa wawili tu. Tulisoma kando ya maji mpaka kidato cha nne, yeye akisema na mimi nikisikiliza, na wote wawili tukipata nafuu.

Kesi ngumu za kazi zilikuwa nyingi. Mvua kubwa ya masika juu ya mabati inafuta kengele kabisa, inabidi utembee darasa kwa darasa ukionyesha kwa vidole dirishani kipindi kinachofuata. Siku ya misa ya mgeni mkubwa niliambiwa nipige kengele mahubiri yakiisha, na mahubiri hayakuisha. Dada Anande alipomaliza shule aliniachia kazi yote na neno moja, "Wahi." Nikawa kiranja wa muda, nikiwa mimi peke yangu chini yangu.

Kisha, nilipokuwa kidato cha tatu, king'ora kikaja.

Siku hizo mjini kila kitu kilikuwa kimeanza kupatikana, na shule zikawa zinatazamana. Shule ya ng'ambo ya korongo ilikuwa na king'ora cha umeme kinachojiwasha chenyewe kwa saa yake. Sista Mkuu akakitaka. Lakini haikuwa kwa ajili ya sifa tu. Siku ya wazazi Mama alikuwa amemweleza kwamba makelele yanamuumiza mtoto wake, na Sista, ambaye moyo wake ni mwema kuliko uso wake, alikuwa akiniangalia kupitia dirisha la ofisi kila ninapopiga reli, akinihurumia. Akatangaza paredi, akitabasamu:

"Felista, mwanangu, tumekutua mzigo. Hutapiga tena hicho chuma."

Wasichana wakapiga makofi. Makofi nayo yakaniuma.

Fundi alikuwa Bwana Harbans, Singasinga mwenye duka la vifaa mjini, mzee anayeongea Kiswahili kizuri kuliko baadhi ya walimu wetu. Alikifunga king'ora kwenye kona ya paa la ofisi, mdomo ukielekea madarasani. Akaniona nimesimama mbali, kwenye migomba.

"Binti, mbona umekimbia? Hata hakijalia!"

Kikalia.

Sina namna ya kuieleza sauti ile kwa mtu mwenye masikio yake. Haikupanda, ilianzia juu. Na haikukoma. Nilipopata akili nilikuwa kando ya mfongo, magoti kwenye tope, mikono masikioni, na kamasi zinanitoka kama mtoto.

Siku zilizofuata nilirudi kuwa njuka. Pamba masikioni, mabega juu. Saa niliirudisha ofisini kwa kuwa haikuwa na kazi tena, na bila saa sikujua kitalia lini. Mtihani wa muhula nilikaa nao mbele yangu nikisubiri sauti, nikasahau kuandika. Mara mbili nilitoroka kipindi kabla hakijaisha. Sista akaniita.

"Nimezungumza na mama yako," akasema kwa upole. "Labda urudi nyumbani kwanza, mpaka masikio yapone. Nafasi yako tutaitunza."

Nikasema, "Aika, Sista," yaani asante, kwa Kichagga, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikimbia, nikatoka.

Binti wa mjomba wangu alirudishwa nyumbani mara moja, mpaka mguu upone. Mguu ulipona. Yeye bado yuko nyumbani, na sasa ana mtoto mgongoni. Hakuna aliyemkataza kurudi shule. Ni kwamba siku zilipita tu, na kila siku kulikuwa na majani ya ng'ombe ya kukata.

Nilimkuta Dorisi kwenye mfongo, nikamwambia.

"Kamwambie ukweli," akasema.

"Siwezi. Nitalia."

"Lia, halafu umwambie."

"Siwezi, Dorisi."

"Basi nakwenda mimi. Na unanijua, nikisema mimi natia chumvi. Nitamwambia unatokwa na damu puani na unasikia malaika."

Alikuwa ameshasimama, anakung'uta sketi. Angekwenda kweli. Nikatangulia mbio.

Sista alikuwa anakunywa chai. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakatoka yamepinda.

"Sista, naomba kengele yangu."

Akaweka kikombe chini, polepole, na kwa hilo nilimshukuru kimoyomoyo. "Lakini mwanangu, ndiyo iliyokuwa ikikuumiza. Nilikuwa nakuona. Kila ukipiga unakunja uso."

"Nakunja, Sista. Lakini ninayopiga mimi naivumilia. Isiyojulikana inakuja lini ndiyo inayoniumiza. Hata hicho king'ora. Kama ningebonyeza mimi..." Nikaanza kulia, nikaendelea hivyo hivyo. "Kama ningebonyeza mimi, nadhani ningeweza kubaki shule."

Nje kuku walikuwa wakiparua majani makavu, kila mparuo nilikuwa nausikia.

"Tangu fomu wani unapiga kengele," akasema, "na hukuniambia hata siku moja kwamba unaipenda?"

"Siipendi, Sista. Naijua."

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Shule siwezi kuiendesha kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja. King'ora kitabaki, kimenunuliwa. Lakini utabonyeza wewe. Tutajaribu mpaka mwisho wa muhula. Siku ukishindwa, uje hapa uniambie kwa mdomo. Si kukimbilia migombani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista."

Bwana Harbans akarudi kuikata ile saa ya king'ora na kufunga kitufe kwenye ukuta wa ofisi, pembeni ya mparachichi, ndani ya kiboksi cha mbao. Alipoambiwa sababu hakushangaa.

"Mimi mwenyewe masikio yananipigia filimbi tangu kijana," akasema huku akikaza skrubu. "Mashine za kupasulia mbao."

"Yanakuuma, mzee?"

"Hapana, yanapiga filimbi tu. Kama trafiki asiyekwenda nyumbani. Nikilala nawasha feni, inazungumza nayo, mimi nasinzia." Akatazama juu. Akapanda tena ngazi bila kuombwa, akaugeuza mdomo wa king'ora ukaelekea kwenye kahawa. "Kahawa haina masikio," akasema.

Asubuhi ya kwanza nilisimama na ile saa ya shule mkononi, nimerudishiwa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakikushuka. Ndipo nikaiona ile nondo, bado imeegemea mti. Nikaichukua. Nikaigonga reli kidogo, kama kijiko kwenye kikombe. Kisha nikabonyeza, nikaachia.

Kililia kwa pumzi moja. Machozi yalinitoka, lakini miguu ilibaki pale pale. Jikoni mpishi alikuwa ameshaweka sufuria chini.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na siku mbili tatu za muhula ule nilikwenda ofisini kusema nimeshindwa. Sista alinisikiliza, akabonyeza mwenyewe mchana huo baada ya kunionyesha saa, kesho yake nikarudi kazini. Nilimaliza muhula. Nikamaliza mwaka uliofuata. Umeme ukikatika tulipiga reli, ukirudi king'ora, na vyote viwili vilitanguliwa na ule mguso.

Prisca nilimfundisha wiki za mwisho. Ana masikio mazima na mkono mzito. Aliwahi kuniuliza kwa nini tunagonga kidogo kwanza, nami, kwa aibu zangu, nikamjibu, "Ndivyo inavyopigwa." Sasa ameshapata jibu lote, refu kuliko alivyoomba.

Siku ya kuondoka Mama alikuja kunichukua. Yeye alibeba godoro, mimi sanduku la bati kichwani, mikono yote miwili juu kulishika. Tulikuwa tumeshalipita geti, tunashuka njia ya kahawa, upande ule ule mdomo wa king'ora unakoelekea. Nilikuwa sina saa. Nilikuwa sina mkono wa kuzibia masikio.

Nikasikia reli ikiguswa, kidogo tu.

Nikasimama. Nikakaza miguu. King'ora kikalia kwa pumzi moja, kikakoma.

Mama aligeuka na godoro lake. "Kimekuuma?"

"Kidogo," nikasema. "Twende."

Nilisubiri mpaka tufike kwenye kona ndipo nikamwambia kwamba, kwa mazoea yangu, Prisca amewahi kidogo. Saa ile haijarudishwa nyuma.